Namna ya kuisoma sura iliyochongwa

Mwenye stempu kongwe ya Zanzibar ya mwaka 1896, ile yenye picha ya sultani wake, Sayyid Hamed bin Thuwaini, ana sura iliyochongwa mstari kwa mstari kwenye sahani ya chuma, ndipo ikachapwa. Hapa hakuna kijivu. Wino wa sura ni mmoja tu. Ukali au upole wa mtu aliyechongwa hutoka kwenye unene wa mistari na nafasi iliyoachwa katikati.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10, weka taa ubavuni, uanze na shavu. Fundi stadi hukata mistari inayolizunguka shavu lenyewe. Kwenye pinda huizungusha sahani juu ya mto wa ngozi, mkono ukabaki pale pale. Akikandamiza kalamu ya chuma, mstari hunenepa; akilegeza, hukonda mpaka ukapotea. Panapoangazwa, mstari hukatika ukawa nukta. Mistari ikinyooka tu bila kujali mviringo, shavu huwa bapa na mtu huonekana amenuna.

Kisha macho. Mng'ao mdogo kwenye mboni ni chuma ambacho hakikuguswa. Fundi huuacha tangu mwanzo, maana ukishakatwa kwa bahati mbaya, kuurudisha ni kazi: kukwangua, kung'arisha, kuigonga sahani kwa nyuma mpaka uso wake uwe sawa tena. Bila mng'ao huo jicho hufa. Pembe ya mdomo nayo ikishuka upana wa unywele, mtu mpole huwa mkali.

Mpangilio huamuliwa kabla ya mistari. Uso ulioelekea pembeni kidogo, na nafasi zaidi upande unakotazama, humpa mtu utulivu. Kichwa kikibanwa na fremu, utulivu huondoka.

Sayyid Barghash, naye sultani wa Zanzibar, alipozuru London mwaka 1875, magazeti ya picha ya kule yalimchapa kwa mbao. Kwenye chuma, mstari uliokatwa ndio unaobeba wino; kwenye mbao mambo hugeuka: kinachokatwa ndicho kinachobaki cheupe. Mbao zenyewe zilikuwa ngumu, zimekatwa kukingama nyuzi, na ndogo. Kwa hiyo picha kubwa za magazeti ziliungwa vipande, na mara nyingi kila fundi akapewa chake ili gazeti liwahi. Kwenye picha kama hizo tafuta mstari mwembamba mweupe unaolikata joho au kilemba. Hapo vipande vilikutana, na mkono wa fundi mara nyingine hubadilika.

Angalia pia upanga. Chapa hugeuza kushoto kuwa kulia, na fundi aliyenakili bila kugeuza kwanza humvika mtu silaha upande usio wake.

Kasoro inayotuuma zaidi ni namna mafundi wengi wa Ulaya wa karne ya 19 walivyochonga ngozi nyeusi. Waliufunika uso mzima kwa mistari ya kukatizana iliyosongamana. Wino ukajaa katikati, mifupa ya shavu ikazama, na watu wa haiba mbalimbali wakafanana. Ngozi nyeusi hung'aa sana kwenye paji, pua na shavu. Fundi aliyeitazama kweli aliziacha sehemu hizo wazi, giza akalipeleka chini ya taya. Ukiona uso wote mweusi sawasawa, usiihukumu tabia ya mtu yule kwa picha ile.

Picha kama hii ukiwa nayo nyumbani, usiitie lamineti: joto na mgandamizo huulaza wino ulioinuka, na plastiki haitoki bila kuichana karatasi. Ihifadhi kwenye bahasha isiyo na asidi, mbali na ukuta wa mawe na chokaa unaotoa chumvi na unyevu.