Nina AS, na sijawahi kuugua: maswali ya selimundu na malaria

Wazazi wangu wanatoka Siaya, mimi nimezaliwa Kayole. Nimepimwa damu nikaambiwa ni AS. Mimi ni mgonjwa?

Hapana. Umerithi jeni ya kawaida ya hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) kwa mzazi mmoja na ya selimundu kwa mwingine. Wengi wa AS huishi bila dalili. Mgonjwa ni SS, aliyerithi mbili: chembe nyekundu za damu hupinda, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali.

Jeni hiyo ilitoka wapi?

Katika kunakili. DNA yetu ina herufi zipatazo bilioni 3, nazo hunakiliwa kila seli inapogawanyika. Makosa machache hupenya, na kila mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya makumi kadhaa ambayo wazazi hawakuwa nayo. Mengi hayana athari yoyote. Selimundu ilitokana na herufi moja tu, A kuwa T.

Hapa ndipo wengi huteleza. Mwili haukuunda jeni hii kama kinga kwa sababu malaria ilikuwepo. Mabadiliko hutokea kwa nasibu, mbu awepo asiwepo.

Mbona basi imejaa kwetu?

Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali nchini. Aliwakuta AS wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba AS huwakinga watu dhidi ya malaria.

Penye malaria nyingi, watoto wa AA, waliorithi jeni mbili za kawaida, walikufa zaidi kwa malaria kali, na wa SS kwa ugonjwa wao. AS walinusurika zaidi, wakakua, wakazaa. Malaria haikuumba jeni hiyo. Iliikuta tayari kwa watu wachache, ikaipa nafasi ya kuenea. Kama wote tungekuwa na damu ya aina moja, malaria isingekuwa na cha kuchagua. Ndiyo mageuko yenyewe: wewe hubadiliki, jamii ndiyo hubadilika kizazi baada ya kizazi.

Nairobi malaria ni kidogo. Jeni hii itaisha?

Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haiwafai mbu wa malaria wala kimelea chenyewe. Faida ya AS hapa ni ndogo, lakini jeni haipotei kwa kuhama. Hupungua polepole, kwa vizazi vingi. Na AS hupunguza malaria kali, haizuii kuambukizwa. Disemba ukienda nyumbani, lala ndani ya neti.

Mchumba wangu naye ni AS. Tuachane?

Huo ni uamuzi wenu. Katika kila mimba, uwezekano wa SS ni robo, AS nusu, AA robo. Watu hudhani wakishapata mmoja SS, watatu wanaofuata wako salama. Sivyo, kila mimba huanza hesabu upya. Zungumzeni na mshauri wa afya kabla ya mimba, na mtoto apimwe mapema ili, akiwa SS, aanzishiwe penisilini na chanjo kabla maambukizi hayajamwahi.