Hakuna "hela ya kuonyesha" uwanja wa ndege

Wanaume wengi wa Marekani wanaotafuta mke Mrusi mtandaoni huamini kuwa mwanamke anayetoka Urusi lazima aonyeshe maelfu ya dola taslimu, la sivyo hapandi ndege. Sharti hilo halipo, na ubalozi wa Marekani Moscow umeshawaonya raia wake kuwa ni utapeli wa kuwafanya watume pesa.

Viza ya mchumba wa Mmarekani, K-1, huanzia kwa bwana mwenyewe: yeye ndiye anayejaza fomu ya maombi, I-129F, na kwa kawaida lazima yeye na mchumba wawe wameonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya kuiwasilisha. Sasa huyo "Natasha" wako wa mtandaoni hujawahi kumwona, fomu hujaigusa, lakini anakutumia picha ya K-1 imebandikwa kwenye pasipoti! Hiyo imetengenezwa kwa kompyuta. Natasha mwenyewe huenda ana ndevu.