Kuta hazikuwa tupu: yanayosemwa kuhusu makanisa ya vijijini ya Zama za Kati

Mashambani Uingereza ni vigumu kutembea asubuhi nzima bila kukutana na kanisa dogo la mawe lenye umri wa miaka mia saba, mia nane, au zaidi. Wageni huingia, hunyamaza kidogo, kisha hutoka na maelezo yaleyale: jengo la kimaskini, giza, baridi, kuta tupu, kazi ya watu wasiojua mambo. Maelezo hayo hunichoma, kwa sababu wanachokihukumu wageni hao si kile alichokiona mkulima wa karne ya 12 alipovuka kizingiti.

Chukua kanisa la St Mary's la Kempley, Gloucestershire, karibu na Herefordshire. Ni ukumbi mmoja wa waumini, tao, kisha chumba kidogo cha madhabahu, basi. Mnara na ukumbi wa mbao wa mlangoni viliongezwa baadaye. Pete za umri ndani ya mbao za paa zimeonyesha kwamba miti yake ilikatwa karibu mwaka 1130, na paa hilo ni miongoni mwa ya kale kabisa yaliyobaki Uingereza. Msomaji wa pwani akitaka kipimo, maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) kwenye msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ni rika moja.

Dhana: ndani kulikuwa mawe matupu na giza

Vuka tao la Kempley uinue macho. Dari la chumba cha madhabahu ni la mawe, limepinda kama pipa lililopasuliwa kati, na lote limejaa rangi. Kristo ameketi juu ya upinde wa mvua. Kumzunguka kuna jua, mwezi, nyota, vinara saba vya Ufunuo, na maserafi wenye mabawa. Ukutani, kushoto na kulia, wameketi mitume kumi na wawili, sita kila upande, shingo zimekunjwa nyuma wakimtazama yeye. Fundi aliwapanga hivyo makusudi: ukiwafuata macho, kichwa chako nacho kinainuka.

Kazi hii ilifanywa kwenye lipu mbichi ya chokaa. Fundi hupaka sehemu atakayoweza kuimaliza kabla haijakauka, kisha huweka rangi za udongo, nyekundu na njano. Chokaa inapokauka hushika hewa ya ukaa na kugeuka tena kuwa jiwe, na rangi hubaki imefungwa humo. Ndiyo maana haiondoki kwa kufutwa na kitambaa. Waliozoea kuona matumbawe yakichomwa tanuruni kwa ajili ya chokaa wataelewa ni ustadi wa namna gani: ukichelewa, lipu imekukatalia, na kosa halisahihishwi.

Kuta zilizokuja kuwa nyeupe ni habari ya karne ya 16. Wakati wa Matengenezo ya Kanisa, Uingereza ilipoachana na Kanisa la Roma, hasa chini ya mfalme Edward VI (1547–1553), picha makanisani ziliamriwa kuondolewa, na kwa kuta njia rahisi ilikuwa kupaka chokaa juu yake. Waliotaka kuzifuta ndio waliozihifadhi. Michoro ya Kempley ilikaa chini ya chokaa hadi 1872 ilipogunduliwa tena, na hapo ndipo ilipopata madhara: ilipakwa vanishi kwa nia njema ya kuilinda, vanishi ikawa nyeusi. Ilibidi isubiri usafishaji wa 1955 ili rangi zionekane kama zinavyoonekana leo.

Makanisa mengine hayakuwa na bahati hiyo. Katika karne ya 19 wakarabati wengi walikwangua lipu yote ya ndani ili mawe "ya asili" yaonekane, na pamoja na lipu wakakwangua picha ambazo hakuna aliyezijua. Ukiona kanisa la Zama za Kati lenye mawe wazi ndani, uwezekano mkubwa unatazama ladha ya karne ya 19.

Dhana: michoro ilikuwa Biblia ya wasiojua kusoma

Hii ina mzizi wa kweli. Papa Gregori Mkuu, yapata mwaka 600, alimwandikia askofu wa Marseille asivunje picha, kwa kuwa wasiojua kusoma huyaona ukutani yale wasiyoweza kuyasoma vitabuni. Lakini hebu rudi Kempley. Picha bora kuliko zote ziko juu ya madhabahu, mahali pa padri. Waumini walibaki upande wa pili wa tao, wakiona kipande tu, kupitia moshi wa ubani na mwanga wa mishumaa. Kama lengo lilikuwa kufundisha peke yake, fundi angezichora kwingine. Kwa maoni yangu dari lile ni sehemu ya ibada yenyewe: misa ikisomwa, mitume nao wamo chumbani. Isitoshe, mtu asiyeijua tayari hadithi ya vinara saba hataijua kwa kuvitazama.

Na waumini hao hawakuwa wamekaa kwenye mabenchi. Walisimama na kupiga magoti. Mabenchi yalianza kuenea vijijini mwishoni mwa Zama za Kati, hasa karne ya 15.

Dhana: kanisa limesimama peke yake kwa sababu tauni ilimaliza kijiji

Kempley liko mbali na nyumba nyingi za kijiji chake, na hadithi ya tauni ya 1348–1349 huja mdomoni haraka. Tauni ilikuwa kweli, na iliua watu wengi mno. Ila vijiji vingi vilihama taratibu, kaya moja baada ya nyingine, kufuata barabara na ardhi bora, na kanisa, kwa kuwa halihamishiki, likaachwa nyuma.

Wharram Percy, kijiji kilichohamwa huko Yorkshire, ndiyo kesi iliyochunguzwa kuliko zote: kuanzia 1950 Maurice Beresford, na muda mfupi baadaye John Hurst pamoja naye, waliichimba kila mwaka hadi ikatimia miaka arobaini. Kijiji kilinusurika tauni. Wanakijiji wa mwisho waliondolewa karibu mwaka 1500, mashamba yakafanywa malisho ya kondoo kwa sababu sufu ilikuwa na bei. Ukuta wa kanisa unaonyesha idadi ya watu ikishuka: vyumba vya pembeni vilibomolewa, matao yaliyoelekea huko yakazibwa kwa mawe, na bado unayaona.

Wengine watakuambia kwamba chumba cha madhabahu kikiwa kimeenda upande kidogo, hakiko mstari mmoja na ukumbi, kinaigiza kichwa cha Yesu kilivyoinama msalabani. Ni wazo zuri, lakini sababu iko mfukoni. Kwa desturi ya Uingereza kuanzia karne ya 13, chumba cha madhabahu kilitunzwa na mwenye kupokea zaka za parokia, na ukumbi ukatunzwa na waumini. Wenye fedha tofauti walijenga nyakati tofauti, na mistari haikulingana.

Na mlango wa kaskazini, "mlango wa shetani", eti ulifunguliwa wakati wa ubatizo ili pepo atoke? Ulikuwa mlango wa maandamano ya ibada. Maandamano yalipopigwa marufuku katika karne ileile iliyopaka chokaa picha, mlango haukuwa na kazi tena, na upepo ulikuwa mkali upande huo, ukazibwa. Zunguka nyuma ya makanisa mengi utauona ukutani: tao limebaki, na ndani yake mawe madogo yaliyopangwa kwa haraka.