“Hukuniambia Nirudi”: Kuendesha Maisha kwa Tiba ya Sindano

Nilipofungua chumba changu cha kwanza cha tiba ya sindano, ile ya Kichina ya kuchomeka sindano nyembamba zisizo na dawa kwenye nukta maalumu za mwili, niliamini kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Kazi nilikuwa naijua. Nilikuwa nimesimamiwa na walimu wakali, vidole vyangu vilizitambua nukta hata gizani, na leseni ilikuwa imetundikwa ukutani. Niliona kilichobaki ni kufungua mlango na kusubiri. Miezi minane baadaye nilikuwa nalipa kodi ya chumba kwa akiba yangu, na kitabu cha miadi kilikuwa na mapengo mengi kuliko majina.

Katika miezi hiyo alikuja mama mmoja mtu mzima mwenye goti lililochakaa. Nilimlaza, nikahesabu vidole vinne chini ya goti, upande wa nje wa mfupa wa ugoko, nikachomeka sindano kwenye nukta iitwayo Zusanli. Nilipoizungusha kidogo akafumbua macho: “Kuna uzito unashuka mpaka kwenye kifundo.” Hisia hiyo ya uzito, kujaa au ganzi ndiyo Wachina huiita deqi, na sisi tulio kazini huisubiri kama mvuvi anayesubiri mshipi ushtuke. Alipokuja mara ya pili aliniambia amelala usiku kucha bila goti kumwamsha. Nikafurahi, nikamuaga vizuri. Sikumwona tena.

Nilijipa majibu yangu mwenyewe. Labda bei imemshinda, labda nafuu haikudumu, labda amepata mtaalamu mwingine. Karibu mwaka mmoja baadaye tukakutana njiani, anachechemea kama zamani. Baada ya salamu nikamuuliza kwa nini aliacha tiba. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

“Daktari, hukuniambia nirudi.”

Mimi si daktari, na kila anayeniita hivyo huwa namrekebisha. Siku ile sikumrekebisha. Nilikumbuka maneno niliyomwambia mlangoni: “Ukijisikia vibaya, unakaribishwa.” Kwa masikio yangu huo ulikuwa ustaarabu, maana sikutaka aone namvuta kwa ajili ya fedha. Kwa masikio yake maana ilikuwa moja tu: tiba imekwisha.

Tangu hapo nimezungumza na wenzangu wengi walioanza kazi hii na kuiacha ndani ya miaka michache. Ni wachache walioshindwa kwa sababu mikono yao ilikuwa mibovu. Wengi walishindwa mezani, kabla mgonjwa hajapanda kitandani, kwa kuona haya kutaja idadi ya mara atakazohitaji kuja. Haya hiyo inaonekana kama uadilifu, na ndiyo maana ni vigumu kuiondoa.

Tuipige hesabu. Chukua mtaalamu mwenye nafasi 30 za wagonjwa kwa wiki, anayefanya kazi wiki 48 kwa mwaka. Hizo ni nafasi 1,440. Ikiwa kila mgonjwa anakuja mara mbili kisha anapotea, anahitaji wagonjwa wapya 720 kwa mwaka, yaani 15 kila wiki. Mgonjwa mpya huchukua saa moja hadi saa moja na nusu, kwa kuwa ni lazima umsikilize, umpime, umtazame ulimi, umshike mapigo, uandike. Wagonjwa wapya 15 wanaweza kukulia zaidi ya saa 20 za wiki, tena utawatoa wapi wiki baada ya wiki? Sasa chukua mtaalamu yuleyule, wagonjwa wake wakimaliza tiba ya mara nane kwa wastani. Anahitaji wapya 180 kwa mwaka, hawafiki wanne kwa wiki. Mikono ni ileile na chumba ni kilekile. Mmoja anahangaika kutafuta watu usiku na mchana, mwingine analala.

Na si hesabu ya fedha peke yake. Maumivu sugu hayatibiwi kwa sindano za siku moja. Nafuu ya mwanzo mara nyingi hudumu siku moja au mbili, kisha maumivu hurudi yakiwa yamepungua kidogo, kisha nafuu inarefuka. Mgonjwa asiyeelezwa hivyo huona maumivu yamerudi siku ya tatu na kusema tiba haikufanya kazi. Amelipa, amechomwa, na hakupata alichokijia. Kumnyima maelezo kwa sababu ya haya ni kumtia hasara.

Siku hizi mazungumzo ya kwanza nayafanya tukiwa tumekaa wote wawili, kabla hajavua viatu. Nachukua karatasi na kuandika mambo matatu huku anaona. La kwanza ni kipimo, na nataka kipimo cha maisha yake, kisichokuwa cha kitabuni: unapanda ngazi ngapi kabla ya kushika ukuta, unaamka mara ngapi usiku, unaweza kuketi muda gani bila kuhamisha mgongo. La pili ni idadi. Kwa goti la miaka mingi huwa nasema: “Tuanze na mara sita, moja kwa wiki, kisha tunarudi kwenye kipimo hiki.” La tatu ndilo linalowashangaza watu: siku ya kuacha. Kama kipimo hakijasogea kabisa baada ya mara hizo sita, nitakwambia mwenyewe kwamba fedha yako itumike kwingine. Nilidhani sentensi hiyo ingewakimbiza wagonjwa. Ndiyo inayowafanya wapange miadi yote sita palepale.

Ili useme hivyo kwa ujasiri lazima ujue tiba yako inaweza nini na haiwezi nini. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha takwimu za wagonjwa 20,827 kutoka majaribio 39 ya kitabibu, kuhusu maumivu sugu ya mgongo na shingo, bega, kichwa, na uchakavu wa viungo kama goti. Waliopata tiba ya sindano walipata nafuu kuliko wasioipata, na kuliko waliofanyiwa tiba bandia, yaani ya kuigiza tu, ingawa tofauti na tiba bandia ilikuwa ndogo zaidi. Faida ilipungua kwa takriban asilimia 15 tu baada ya mwaka mmoja. Nawaambia wagonjwa pande zote mbili za matokeo hayo. Mwenzangu anayeahidi kuponya kisukari au utasa kwa sindano hujaza chumba kwa msimu mmoja, halafu maneno ya waliovunjika moyo yanamfikia mpaka mlangoni, na sisi wengine yanatufikia pia.

Kuna wagonjwa ambao jibu sahihi ni kutowachoma. Mtu mwenye maumivu ya mgongo ambaye ghafla hawezi kuzuia mkojo, au mwenye kichwa kilichompasuka kwa maumivu ambayo hajawahi kuyapata maishani, huyo anakwenda hospitali saa hiyohiyo, na simchukulii malipo. Nilianza kufanya hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Baada ya muda nikaona madaktari waliopokea barua zangu fupi za rufaa wakianza kuniletea wagonjwa wa maumivu sugu waliokuwa wamewachosha. Barua ya mistari mitano iliyoandikwa vizuri imenifaa kuliko matangazo yote niliyowahi kulipia.

Sasa niseme kuhusu chumba chenyewe, kwa sababu wengi wanaoanza huhesabu gharama upande usio wenyewe. Sindano ni kitu cha bei ndogo kuliko karibu vyote vilivyomo. Ninayoitumia zaidi ina unene wa milimita 0.25, nyembamba kiasi kwamba hupinda ukiigusa vibaya. Hutumika mara moja tu na kuingia kwenye kasha gumu la vitu vyenye ncha kali. Kinacholiwa na mgonjwa ni muda wako na pango lako, na muda uliopita bila mtu hauwekwi rafuni ukauzwa kesho. Ndiyo maana asiyefika bila kutoa taarifa namtoza nusu. Mara ya kwanza namsamehe, na namwambia kwamba nimemsamehe.

Lakini tiba hii ina zawadi moja ambayo mkandaji hana. Sindano zikishaingia, mgonjwa hupumzika nazo dakika 20 hadi 30. Katika dakika hizo unaweza kuwa chumba cha pili ukimhudumia mwingine. Nilipopata chumba cha pili, mapato yalipanda bila kuongeza saa hata moja ya kazi, na hapohapo nikafanya kosa ambalo bado linanichoma. Siku moja yenye watu wengi nilimtoa sindano mgonjwa, nikamuaga, nikakimbilia chumba cha pili. Jioni akapiga simu. Alikuwa anachana nywele, chanuo likanasa. Sindano moja ya nyuma ya kichwa, karibu na ukosi, ilikuwa imebaki imejificha ndani ya nywele. Hakudhurika, akanisamehe kwa upole ambao sikuustahili. Usiku ule sikulala.

Tangu siku hiyo naandika idadi ya zilizoingia kwenye karatasi yake kabla sijatoka chumbani, na nazihesabu kwa sauti zinapotoka, mgonjwa akisikia. Wengine huhesabu pamoja nami. Nikiona mgonjwa ana wasiwasi, au hajala, au ni mara yake ya kwanza, simwachi peke yake na wala simketishi. Analala, kwa kuwa kuzimia hutokea zaidi kwa aliyekaa. Na sindano za juu ya bega na mgongo wa juu, mahali ambapo pafu liko karibu chini ya ngozi, sizichomeki nikiwa na haraka. Kutoboa pafu ni ajali adimu sana, lakini ndiyo inayoweza kumlaza mtu hospitali na kuzima kazi ya miaka kwa dakika moja. Nikishindwa kumpa bega la mtu utulivu wake, nimechukua wagonjwa wengi mno. Bima ya dhima ya kitaaluma naikata kila mwaka kabla sijanunua kitu kingine chochote.

Wapo walioupeleka mbali zaidi mtindo huu wa kuhudumia zaidi ya mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka 2002 huko Portland, Oregon, nchini Marekani, ilianzishwa kliniki iitwayo Working Class Acupuncture, ambako wagonjwa huketi kwenye viti vya kuegemea katika ukumbi mmoja, na kila mtu hulipa kadiri ya uwezo wake ndani ya kiwango kilichowekwa. Sindano huchomekwa kwenye mikono, miguu na kichwa, kwa hiyo hakuna haja ya kuvua nguo. Bei inashuka, idadi inapanda, na mgonjwa wa kipato kidogo anaweza kurudi mara nyingi vya kutosha ili apone. Nauheshimu sana mtindo huo. Mimi sikuuchagua kwa kuwa kazi yangu ni mgongo na nyonga, na nahitaji mlango unaofungwa.

Kuhusu kuuza tiba kumi kwa malipo ya mkupuo, nilijaribu nikaacha. Fedha inaingia nyingi siku moja, unalipa madeni, kisha unafanya kazi miezi miwili kwa malipo uliyokwisha kuyala. Mgonjwa akipona mara ya tano, unamrudishia salio au unamwita aje kuchomwa bila sababu? Ukiuza hivyo, basi fedha ya tiba ambayo hujaifanya ikae mbali na yako, kwa sababu bado ni ya mgonjwa.

Ndugu na marafiki wana siku yao moja kwa mwezi, bure, na nyingine zote wanalipa kama watu wengine. Kazi isiyoonekana nayo lazima iingie kwenye bei: kuandika kumbukumbu, kufua mashuka, kupiga simu, kufunga hesabu za kodi. Kwa kila saa mbili za sindano mimi hutumia karibu saa moja kwa hayo. Aliyepanga bei yake kwa kuangalia saa za kitandani tu atajikuta amechoka na hana kitu, na hataelewa kimekwenda wapi.

Yule mama nilimwomba arudi, tukaanza upya. Safari hii tuliandika kwenye karatasi: ngazi nne, kisha anashika ukuta. Baada ya mara sita zilikuwa tisa. Tukakubaliana mara nne nyingine, moja kila wiki mbili. Siku ya mwisho alipanda ngazi zote kumi na nne za nyumbani kwake akiwa amebeba kapu, akaja kunisimulia akiwa amesimama, anakataa kiti.

Nilizitoa sindano nikihesabu, nane, naye akahesabu pamoja nami. Kisha nikamwambia kwamba tumemaliza.

“Kwa hiyo nirudi lini?”

“Usirudi, mama. Ngazi zikipungua chini ya kumi, nipigie.”

Alikunja ile karatasi akaitia kwenye mkoba. Wiki iliyofuata kaka yake alipiga simu kuhusu bega lake, na kabla sijamuuliza lolote alitaka kujua kwanza kama naye ataandikiwa karatasi.