Beji ya zamani ya jeshi: geuza mgongo kwanza

Watu wakituletea beji ya zamani ya jeshi pale makumbusho swali huwa ni moja tu, hii orijino au feki? Na mi huwa nawarudishia swali, sehemu gani? Maana beji sio kitu kimoja, kuna uso, kuna taji juu yake, kuna kishikio nyuma, nyingine ina enameli au kipande cha katikati kilichopigwa riveti, na kila kipande kinaweza kuwa na umri wake. Uso unaweza ukawa wa 1910 kweli kabisa halafu kishikio kimelehemiwa juzi.

Nitaongelea zaidi beji za kofia za jeshi la Uingereza, ndo zilizozagaa sana na ndo zinazochezewa sana.

Uso utakuvutia, uache kwanza. Geuza. Beji hizi zilikuwa zinapigwa kwa muhuri wa chuma juu ya bati la shaba, kwa hiyo nyuma unakuta umbo la mbele limebonyea kinyumenyume na mistari yake ni mikali. Ile ya kuyeyusha na kumimina, yaani mtu amechukua beji halisi akatengenezea kalibu, ina vitundu vidogo vidogo kama ganda la chungwa na inatoka ndogo kidogo kuliko mama yake kwa sababu madini yakipoa yanasinyaa, ukiwa na nyingine ya kufananisha pima na kalipa utaona. Ila mihuri mingine ya zamani haikutupwa, imekuja kutumika tena miaka mingi baadae, na beji inayotoka hapo imepigwa safi kabisa, hapo umbo peke yake halikwambii kitu.

Ndo maana mi muda mwingi nautumia kwenye kishikio. Kuna vya aina mbili vya kawaida, ulimi mrefu wa bati unaochomekwa kwenye kofia, na vipete viwili vinavyopitishwa pini kwa ndani. Kipete kilichofanya kazi kweli tundu lake limelika upande ule pini ilipokuwa inavuta. Ulimi uliovaliwa una mikwaruzo ya kwenda juu na chini, sio ya kuzunguka zunguka kama ya msasa. Na stempu ya mtengenezaji kwenye ulimi, hata ikiwa J.R. Gaunt wa London, isikutoe akili, stempu mtu anagonga leo leo.

Kuna moja niliishika mwezi uliopita, uso mzuri, pua ya simba imelainika kwa miaka ya kusuguliwa, uchafu mweusi umekaa kwenye manyoya. Nyuma ulimi unang'aa, lehemu yake nyeupe imemwagika nje kidogo, na kuizunguka shaba imebadilika rangi, ile pinkipinki ya kuunguzwa na moto. Nikaweka lenzi, nikainamisha taa pembeni, kulia na kushoto kwa ulimi yakatokea makovu mawili ya duara. Vipete vilikuwa pale. Mtu aliving'oa akaweka ulimi, labda vilikatika tu akawa anatengeneza, sio lazima awe tapeli. Ukikuta gundi badala ya lehemu kumbuka supaglu imeanza kuuzwa 1958.

Taji nalo linasema. La Victoria liliisha na utawala wake 1901, likafuata la wafalme lenye matao ya mviringo, halafu kuanzia Elizabeth wa Pili likaja lile lililobonyea katikati juu. Zamani tulikuwa tunasema matao ya mviringo ni kabla ya 1953, basi. Sasa Charles wa Tatu naye kachagua taji la mviringo, kwa hiyo beji mpya kabisa inaweza kuwa nalo. Linganisha na madini: beji za aluminiamu ya kung'aa zilikuja miaka ya 1950, ukikuta aluminiamu ina taji la mfalme basi mara nyingi ni mpya ya juzi au kuna mtu anakuchezea. Za plastiki usizitupe, ni za Vita vya Pili vya Dunia, shaba ilikuwa inahitajika kwingine.

Nishani ya Msalaba wa Chuma ya Ujerumani ya 1914 ina mtihani wake, kwa kawaida katikati ni chuma na fremu ni ya fedha, nusu mbili zimeunganishwa pembeni, kwa hiyo sumaku inashika katikati. Tafuta ule mstari wa kuungia, feki nyingi ni kipande kimoja kilichopakwa rangi nyeusi.

Na tafadhali usiisugue kabla hujaileta. Ule uchafu kati ya ulimi na mgongo ndo ushahidi wangu, ukiupiga Brasso umenifutia nusu ya kazi.

Yule mwenye simba alitaka nimwandikie orijino. Nimemwandikia "uso halisi, kishikio kimebadilishwa", akakunja uso, ila kadi kachukua.