Udumavu ni nini, na kwa nini mikoa yenye chakula ndo inaongoza

Ukimuuliza mtu mtaani utapiamlo ni nini atakwambia ni njaa, mtoto mbavu zinahesabika, tumbo limevimba, nywele zimekuwa nyekundu kama ndevu za mahindi. Hajakosea, hali hiyo ipo na wazee waliiita unyafuzi, ila ndo sehemu ndogo ya utapiamlo na ndo ile ambayo kila mtu anaiona. Sehemu kubwa hapa Tanzania ni ile isiyoonekana, inaitwa udumavu, na hizi kampeni za lishe unazozisikia redioni na kwenye mikutano ya kijiji ukizifuatilia vizuri utakuta kazi yake kubwa ni kukufanya uone kitu ambacho kipo mbele yako kila siku na hukioni.

Udumavu maana yake mtoto ni mfupi kuliko anavyotakiwa kuwa kwa umri wake. Sio kukonda. Anaweza kuwa na mashavu kabisa, anacheka, anakimbia na wenzake, lakini ni mfupi. Kupima wanatumia ubao wa urefu, mtoto wa chini ya miaka 2 analazwa, aliyezidi hapo anasimamishwa, alafu kile kipimo kinalinganishwa na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006. Kwa mfano mtoto wa kiume wa miaka 2 wastani wake ni kama sentimita 87, akiwa chini ya 81 anahesabiwa amedumaa. Tofauti yenyewe ni kama upana wa vidole vitatu, kwa macho tu nani ataiona?

Na hapa ndo watu wanaleta ile hoja, aah sisi ukoo wetu wafupi tu, hata babu yao alikuwa hivo. Hivi viwango havikutoka Ulaya peke yake, walipima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wale walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri, wakakuta kwenye miaka mitano ya mwanzo watoto wa nchi zote hizo wanarefuka karibu sawasawa. Urithi wa ukoo upo ila unajionyesha zaidi baadae, kwa mtoto wa miaka 2 usiusingizie ukoo kwanza, angalia anachokula na anavyotunzwa.

Mimi mwenyewe niliamini udumavu siku dada yangu, yuko kijijini huko Mufindi mkoani Iringa, alipompeleka binti yake kwenye siku ya afya na lishe ya kijiji na mimi nilikuwa nimeenda kuwasalimia. Mtoto ana mashavu hayo, kila mtu anamsifia. Mhudumu akampima mara ya kwanza, akarudia tena, sentimita 78 na alikuwa ametimiza miaka miwili wiki ile. Amedumaa. Dada akabisha sana, akasema mbona yuko sawa na wenzake, na ni kweli, nilitoka nje nikawaangalia wale aliokuwa anacheza nao umri mmoja, wote walikuwa sawa naye. Nilisimama pale nikaishiwa maneno. Kama wote ni wafupi basi hakuna mfupi, utajuaje?

Takwimu za utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ndo zinasema hivohivo. Nchi nzima ni asilimia 30, yaani watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano, ila Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Mikoa hiyohiyo inayolisha nchi, mahindi ya huko, maharage ya huko, viazi, maparachichi, maziwa. Kwa hiyo njaa haielezi.

Kinachoeleza ukitaka kukijua ingia jikoni. Mama anaondoka alfajiri kwenda shamba au kibaruani, mtoto anabaki na bibi au na dada yake wa miaka saba, na kilichopo ni sufuria la uji wa sembe mwepesi mpaka mtoto anaunywa kwa kikombe. Tumbo la mtoto wa miezi 8 linabeba kama kikombe kimoja tu, likijaa uji limejaa, halii, analala. Ameshiba lakini alichokula ni maji na wanga, na sembe yenyewe kiini na pumba zenye vitamini vimebaki mashineni. Maharage yapo ndani ila yanasubiri kuuzwa, yai nalo linauzwa. Alafu kuna ule uji wanaouita wa lishe, mtu anachanganya mahindi, mchele, ulezi, mtama na ngano akiamini kamaliza kila kitu, kumbe zote hizo ni nafaka, kundi lile lile moja. Afadhali nafaka moja na karanga zilizosagwa vizuri, au maziwa, au yai, na uji uwe mzito usimame kwenye kijiko.

Bado kuna magonjwa. Mtoto anayeharisha kila mara kwa sababu ya maji machafu hata umpe nini hakikai mwilini.

Na wanaposema siku 1,000 sio kauli mbiu tu, ni hesabu, siku 270 za ujauzito jumlisha 365 za mwaka wa kwanza na 365 za mwaka wa pili. Ubongo unakua kwa kasi mno kipindi hicho, mtoto akishapita miaka miwili akiwa amedumaa kumrudisha ni ngumu sana na darasani kunakuja kuonekana. Ndo maana mjamzito anahimizwa kuwahi kliniki na kumeza vidonge vya kuongeza damu, mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, hata maji hapana, baada ya hapo chakula kianze huku ananyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

Kampeni za namna hii hazijaanza jana. Mwaka 1973 ilikuwepo Mtu ni Afya, watu kama milioni 2 walikaa kwenye vikundi wakasikiliza redio, wakajadili, wakachimba vyoo. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai kwa mtindo huohuo. Miaka ya 80 Iringa hiyohiyo walianza kupima watoto vijijini na matokeo yanasomwa kwenye serikali ya kijiji, na hali mbaya kabisa zilipungua. Siku hizi kuna mikataba ya lishe, Septemba 2022 Rais Samia alisaini na wakuu wa mikoa, na halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Kwa maoni yangu pale matokeo yaliposomwa mbele ya kijiji kizima ndo palikuwa na nguvu kuliko bango lolote, maana wanaume nao walikuwepo.

Hapo kwa wanaume nisisitize. Mpaka leo mtoto akidhoofika watu wananong'ona kwamba wazazi wamembemenda, yaani wamekutana wakati mtoto ananyonya. Mama akisikia hivo anaona aibu, anamficha mtoto ndani, kliniki haendi, na siku zile 1,000 zinaisha. Kampeni ikiongea na mama peke yake wakati anayeamua yai liuzwe ni baba na anayepika uji ni bibi, unategemea nini kibadilike?

Dada yangu baada ya siku ile alimkalisha mume wake chini, wakakubaliana mayai mawili kwa wiki hayauzwi, na bibi akafundishwa kuweka karanga kwenye uji. Yule binti sasa anasoma, bado ni mdogo kwa umbo. Mdogo wake wa kiume anapelekwa kupimwa kila mwezi, mwezi uliopita alikuwa na miezi 11, sentimita 74, na baba yake ndo alimbeba.