Apwitete si mto wa kulalia

Juzi nilipanda teksi kutoka Katuba kwenda mjini, hapa Lubumbashi. Kiti cha nyuma kilikuwa na matundu matupu juu. Nikamwuliza shofere apwitete, yaani viegemeo vya kichwa, zimekwenda wapi. "Ziko kwenye kofre, kule kwenye buti, papa. Zinaniziba kioo." Ya kwake mwenyewe ilikuwapo, ila imeshushwa mpaka mwisho. Akanieleza kwamba hivyo inashika shingo vizuri.

Dhana: kiegemeo cha kichwa kimewekwa ili dereva apumzike.

Ukweli: jina ndilo linalotupoteza. Kazi yake ni kuzuia kichwa kisiachwe nyuma. Gari likigongwa kwa nyuma, kiti kinausukuma mgongo mbele ghafla. Kichwa, chenye uzito wa kilo 4 au 5 hivi, bado hakijapata habari. Kinabaki pale pale. Shingo iko katikati ya ugomvi huo. Pingili zake za chini zinapinda kwenda nyuma huku za juu zikipinda kwenda mbele, hata shingo inachukua umbo la herufi S. Yote hayo ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa hiyo anayesema atakaza shingo akisikia breki nyuma yake anajidanganya. Kiegemeo kikiwa karibu, kichwa na kifua vinasukumwa pamoja, na shingo haivutwi.

Ndiyo maana apwitete ya shofere wangu haikuwa na faida. Ukingo wa juu unatakiwa ufike angalau usawa wa juu ya masikio, na ukifika utosini ni bora zaidi. Kikiishia shingoni, kichwa kinapinda juu yake kama tawi juu ya ukuta. Halafu kuna nafasi ya nyuma ya kisogo: ikizidi sentimita 10 umechelewa, upana wa vidole vinne ndio wa kulenga. Vijana wanaolaza kiti na kushika usukani kwa mkono mmoja wanaifungua nafasi hiyo wenyewe. Na akina mama wakitoka kusukwa, fundo kubwa kisogoni, huona kiegemeo kinawasukuma kichwa, basi wanakichomoa na kukigeuza nyuma mbele. Nawaelewa kabisa, lakini fundo likisogezwa juu au pembeni kidogo, kiegemeo kinabaki kilivyotengenezwa.

Dhana: kinachomoka ili ukitumie kuvunja kioo ukinaswa ndani ya gari.

Ukweli: hii inazunguka sana kwenye WhatsApp. Vyuma vyake pengine vitavunja kioo cha mlango, lakini havikubuniwa kwa kazi hiyo. Marekani ilivilazimisha viegemeo kwenye viti vya mbele vya magari madogo mapya kuanzia tarehe 1 Januari 1969 kwa ajili ya shingo. Kuchomoka kunasaidia ukitaka kubadilisha kitambaa au kukunja kiti.

Dhana: mkanda unatosha. Hautoshi. Ukigongwa nyuma, mwili unazama kwanza kwenye kiti, na mkanda hauna la kufanya kuhusu kichwa. Ufunge hata hivyo, maana baada ya hapo kiti kinakurusha mbele.

Dhana: bampa halijapinda, basi hakuna aliyeumia.

Ukweli: kwenye foleni ya malori, barabara ya Kasumbalesa, watu hugongwa taratibu, wanashuka, wanatazama bampa, wanasameheana. Lakini gari lisilobonyea halikumeza nguvu ya mgongano, na nguvu hiyo inaweza kukufikia wewe uliyeketi. Maumivu mara nyingi huja baada ya saa kadhaa, au kesho yake unapogeuza shingo ukiwa kitandani. Picha ya eksirei ikitoka safi, mifupa ndiyo mizima. Misuli na kano hazionekani humo. Mkono ukianza kufa ganzi au kukosa nguvu, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kuhusu kioo kuzibwa, shofere alikuwa na hoja. Nikamwambia za nyuma azirudishe na azishushe tu kiti kikiwa kitupu, abiria akikaa anazipandisha. Tulipofika alibonyeza kitufe kwenye chuma kimojawapo cha kiegemeo chake. Kilikuwa kimegoma kwa vumbi, akakipiga kiganja mara mbili, kikapanda hadi kisogoni. Akajitazama kwenye kioo, akacheka. Zile za nyuma zilibaki kwenye kofre.